Gurudumu la nyuma linacheza na kusaga: habu inatengenezeka nyumbani au ninunue gurudumu jipya?

MayaiMwiki

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kufungua habu ya baiskeli, yaani kile kitovu cha gurudumu, kwa mikono yake.

Mimi husambaza mayai kwenye vioski, kuanzia Mwiki hadi Kasarani, wakati mwingine hadi Roysambu. Baiskeli yangu ni ya mtumba kutoka Uingereza, zile za milimani, gurudumu la inchi 26, friwili (yale meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo) ya gia sita. Ekseli ya nyuma inafungwa kwa nati mbili za kawaida, haina ule mkono wa kukunja wa kufungia gurudumu bila spana. Nimefunga kreti juu ya keria, na kreti ikijaa trei, uzito wote unakaa nyuma.

Tangu mvua za Aprili gurudumu hilo halina amani. Nikishika rimu na kuisukuma kushoto na kulia, linacheza na kugonga ndani. Nikilizungusha linasaga, na ukiweka kidole kwenye fremu karibu na ekseli unahisi chembechembe zikipita. Breki nikiirekebisha leo isiguse rimu, kesho inagusa upande wa pili. Nikikata kona na mzigo, sehemu ya nyuma inajivuta kivyake. Yai likipasuka hasara ni yangu, si ya mwenye kioski.

Fundi wa kwanza alikaza kitu fulani pembeni mwa ekseli. Kucheza kukaisha, lakini gurudumu likawa zito kulisukuma, na baada ya muda mfupi likaanza kucheza tena, safari hii na sauti juu. Fundi wa pili hakufungua chochote. Alilitikisa, akasema habu imekufa, ninunue gurudumu zima, shilingi 3,500 pamoja na kazi.

Kabla sijazitoa, nataka kujua ndani ya habu kuna nini hasa, na kama mtu asiye fundi anaweza kuitengeneza nyumbani. Nina spana za kawaida, bisibisi, koleo, na cherehani yangu huwa naifungua na kuifunga mwenyewe, kwa hiyo vitu vidogo vidogo havinitishi.

PedaliSouthB

Dada, kwa biashara kama yako mimi ningenunua gurudumu jipya lenye beringi za kufungwa, zile zinazokuja zimezibwa tayari, kazi iendelee. Siku moja bila baiskeli unapoteza wateja. Habu za gololi za zamani zinataka kushughulikiwa kila mara, na si kila mtu ana muda huo.

MzeeSpoki

Mama Mayai, salaam. Ndugu PedaliSouthB anakutakia mema, lakini zuia hizo pesa kwanza. Hakuna mtu awezaye kusema habu imekufa kabla ya kuiona ndani. Kutikisa gurudumu kunakwambia kuna nafasi. Hakukwambii nani ameisababisha.

Ndani ya habu yako kuna vitu vichache tu. Kuna vikombe viwili vya chuma kigumu, kimoja kila upande, vimekaa ndani ya mwili wa habu. Kuna gololi zilizopangwa ndani ya kila kikombe. Kuna koni mbili zilizofungwa kwa nyuzi (ile mikato ya skrubu) kwenye ekseli, zinazozibana gololi kutoka nje. Halafu kila koni ina washa (kiduara bapa cha chuma) na nati ya kuifunga isizunguke. Basi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaelezwi. Ekseli yako haizunguki. Imefungwa kwenye fremu, na uzito wako pamoja na mayai unaikandamiza chini saa zote. Kwa hiyo ni sehemu ileile ya koni, ya upande wa chini, inayolala juu ya gololi kila unapokanyaga pedali. Kikombe kinazunguka pamoja na gurudumu, kwa hiyo mzigo unagawanyika kukizunguka chote. Tena koni imevimba kwa nje, gololi inaigusa kwenye nukta ndogo sana, ilhali kikombe kimebonyea na kinaikumbatia gololi vizuri zaidi. Ndiyo maana koni huliwa kwanza. Na koni ni kipuri kinachouzwa peke yake, kwa bei isiyofika mbali. Kikombe ndicho kisichobadilishwa kwa urahisi. Kwa hiyo swali lako lote limo humo: vikombe vyako vizima au la? Tufungue tuone.

Spana za kawaida hazitakufaa upande wa koni. Koni ina bapa mbili nyembamba sana za kushikia, na spana nene itashika nati pamoja na koni, usiweze kuzitenganisha. Unahitaji spana nyembamba za koni. Nyuma mara nyingi koni ni namba 15 na nati ni 17. Mbele koni huwa 13. Pima zako kwanza. Ukikosa spana hiyo, chukua ya bei ndogo umpelekee mwenye mashine ya kunoa akuchongee kichwa kibaki na unene wa kama milimita mbili. Ya nati inaweza kuwa ya kawaida.

Toa gurudumu. Kabla ya kulegeza chochote, pima kwa rula ekseli imetokeza kiasi gani nje ya nati kila upande, uandike. Ukifunga vibaya, ekseli itakuwa ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili, na gurudumu halitakaa katikati ya fremu. Kisha fungua upande wa kushoto tu, usio na mnyororo. Upande wa friwili iache koni na nati yake zilivyo kwenye ekseli, hizo ndizo alama yako ya kurudishia. Shika koni, legeza nati kinyume na saa, toa nati, toa washa. Washa nyingine zina jino dogo linaloingia kwenye mfereji wa ekseli. Angalia limeelekea wapi. Toa koni.

Laza gurudumu juu ya sinia au karai lenye kitambaa cheupe ndani. Vuta ekseli polepole itokee upande wa friwili. Gololi nyingine zitanasa kwenye grisi, nyingine zitaanguka, na hapo ndipo kitambaa kinakusaidia, maana gololi ikidunda kwenye simiti huioni tena. Hesabu za kila upande kabla ya kuzichanganya. Habu za nyuma za aina hii kwa kawaida zina gololi 9 za robo inchi kila upande. Za mbele huwa 10 za 3/16 ya inchi kila upande. Ukikuta zimefungwa ndani ya kikapu cha bati, zitakuwa chache zaidi.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Petroli usiitumie, hasa kama kuna jiko karibu. Na usiruhusu mafuta yafike kwenye rimu au mpira wa breki. Futa hadi kitambaa kitoke safi, maana uchafu ukibaki utaona kivuli ukadhani ni kishimo.

Sasa ukague, na hapa usiwe na haraka. Kwenye koni na kwenye kikombe utaona mstari unaong'aa unaozunguka, ndipo gololi zinapopita. Mstari laini unaong'aa si ugonjwa, ni alama ya kazi. Unachotafuta ni vishimo, sehemu ambapo ngozi ya chuma imebanduka. Chukua kalamu ya wino ya kawaida, ile yenye kigololi kichwani, uipitishe taratibu juu ya mstari huo. Mahali pazuri itateleza. Kwenye kishimo itakwama au kuruka, hata kama jicho halioni kitu. Fanya hivyo kwenye koni zote mbili na vikombe vyote viwili. Cha upande wa friwili kiko ndani sana, tumia tochi ya simu.

Ekseli nayo ikague. Iviringishe juu ya kioo cha meza. Ikiyumba, imepinda. Kwa habu za friwili hili ni la kawaida, kwa sababu upande wa kulia friwili imechukua nafasi, kikombe kimesukumwa ndani, na kipande kirefu cha ekseli kimebaki bila mhimili hadi kufika kwenye fremu. Kreti ya mayai juu ya matuta inakikunja kidogo kidogo. Ekseli iliyopinda usiigonge kwa nyundo ili inyooke. Badilisha.

Gololi, hata zikionekana nzuri, nunua mpya zote. Zile kuukuu zimepungua kidogo, na ukichanganya kuukuu na mpya, zile kubwa chache ndizo zitabeba mzigo wote. Ni kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi hii.

Andika hapa ulichokiona, nitaendelea. Usifunge kabla.

MayaiMwiki

Shikamoo Mzee. Nimefungua jana usiku baada ya kazi. Nilikopa spana nyembamba ya 15 kwa jirani.

Kushoto zimetoka gololi 9 zisizo na kikapu, mbili zimepoteza mng'ao, nyeusi kabisa. Koni ya kushoto ina vishimo upande mmoja tu, kama ulivyosema, sehemu nyingine ni laini. Kikombe cha kushoto kalamu inateleza mzunguko wote. Upande wa friwili gololi zilikuwa ndani ya kikapu, nimehesabu 7, na kikapu kimevunjika kipande. Koni ya huko ina vishimo zaidi. Kikombe cha kulia nimekimulika kwa tochi, kalamu inateleza isipokuwa mahali pamoja inasita kidogo, lakini sioni shimo. Grisi ilikuwa imegeuka tope la rangi ya chai ya maziwa.

Ekseli haiyumbi juu ya kioo.

Sasa, kuna kijana hapa mtaani anafanya kazi na mashine ya kukereza huko Kariobangi. Amesema anaweza kunitengenezea koni mbili kwa bei ya soda. Nikubali?

KerezoLightIndustries

Mimi ni mkereza, niko Kariobangi pia, ingawa si huyo kijana. Umbo la koni linakerezeka bila shida, hata nyuzi. Shida ni chuma. Nondo ya kawaida tunayokata ni laini. Koni ya dukani imekazwa kwa moto uso wake hadi msumeno unateleza juu yake. Jaribu kupitisha tupa kwenye koni yako ya zamani, utaona haishiki. Mimi nikikerezea koni ya chuma laini, gololi itaichimba ndani ya muda mfupi na utarudi kwangu umekasirika. Kuikaza baadaye kunawezekana, lakini kunataka chuma cha aina sahihi, joto sahihi na kusagwa tena baada ya kukazwa kwa sababu umbo hubadilika. Kwa kipuri kinachouzwa dukani kazi hiyo haina maana.

MzeeSpoki

Marahaba. Asante sana KerezoLightIndustries, umelieleza kama mtu anayeheshimu kazi yake. Mama Mayai, sikia maneno hayo. Kijana mwambie asante, halafu uende dukani.

Habari zako ni njema. Vikombe ndivyo nilivyoviogopea, na cha kushoto ni kizima. Kile cha kulia kinachosita mahali pamoja, kisafishe tena kwa mafuta ya taa na kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, ujaribu tena kalamu. Huenda ni grisi iliyokauka. Kama bado kinasita lakini huoni shimo wala ufa, kitafanya kazi. Kishimo kidogo kwenye kikombe hupita chini ya mzigo mara moja kila mzunguko, hakibebi saa zote kama cha koni. Hakitanyamaza kabisa, lakini hakitakuangusha.

Sasa sikiliza kuhusu kununua. Beba koni zote mbili za zamani, ekseli nzima, na gololi moja. Usiende na maneno tu. Koni zinafanana machoni lakini hutofautiana kwa vitu vitatu: nyuzi, upana wa ile sehemu inayoingia kwenye kifuniko cha vumbi, na mviringo wa pale gololi inapokaa. Upana ukizidi, koni itasugua kifuniko. Ukipungua, maji ya mvua yataingia tena.

Nyuzi ndizo zenye hatari kubwa. Ekseli za nyuma za siku hizi nyingi ni milimita 10, nyuzi za milimita moja moja. Zile za kizamani za Kiingereza ni 3/8 ya inchi, nyuzi 26 kwa inchi. Hizo 3/8 ni milimita 9.5 na kidogo. Koni ya milimita 10 itapanda juu ya ekseli ya 3/8, itazunguka, itakupa moyo, halafu siku ukiikaza kwa nguvu nyuzi zitamenyeka. Jaribu koni mpya kwa vidole pale pale dukani. Inatakiwa iende kwa ulaini hadi mwisho bila kukwama na bila kuyumba. Ikiyumba, irudishe hata kama muuzaji anakuapia.

Kwa upande wa kulia achana na kikapu. Nunua gololi 18 za robo inchi, uweke 9 kila upande bila kikapu. Tisa zinagawana mzigo vizuri kuliko saba. Ongeza mbili za akiba.

Grisi: ile ya litiamu ya beringi za magari, inayouzwa hata kwenye vituo vya petroli, inatosha kabisa. Mafuta ya kupikia hapana. Oili ya injini kwenye habu ya aina hii pia hapana, itatiririka hadi kwenye breki.

Kufunga ni hivi. Hamisha koni mpya ya kulia kwenye ekseli, uifunge na nati yake kwa nguvu kweli kweli kwa spana mbili, ukifuata kile kipimo ulichoandika. Ikilegea upande huu, kila utakachofanya kushoto kitapotea. Jaza kikombe grisi hadi nusu, zamisha gololi ndani moja moja. Ukimaliza tisa, utaona bado kuna nafasi ndogo. Usijaribu kulazimisha ya kumi, zinahitaji nafasi ya kuzunguka. Upande wa kulia friwili inakuzuia mikono, kwa hiyo paka grisi kwenye ncha ya bisibisi, ibandike gololi hapo, uishushe ndani. Grisi itaishika. Pitisha ekseli taratibu kutoka kulia, ishikilie isirudi, geuza gurudumu, weka gololi za kushoto, kisha koni ya kushoto.

Sasa kukaza. Hapa ndipo habu nyingi huuawa, na ndipo yako iliumizwa na yule aliyekaza hadi likawa zito. Koni ikibana kupita kiasi, gololi haziviringiki, zinasaga. Ikilegea, zinagonga. Zungusha koni kwa vidole hadi iguse gololi, kisha irudishe kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko. Weka washa, weka nati. Shika koni kwa spana nyembamba isisogee hata chembe, ukaze nati dhidi yake. Jua kwamba nati ikikazwa huisukuma koni ndani kidogo zaidi, kwa hiyo anza ukiwa umelegeza kuliko unavyotaka. Zungusha ekseli kwa vidole viwili. Ikiwa nzito au ina chembechembe, imebana: shika nati, zungusha koni nje kidogo kuielekea nati, hapo unailegeza na kuifunga kwa pamoja. Ikicheza, legeza nati, ingiza koni kidogo, funga tena. Utarudia. Kila mtu hurudia, hata mimi na miaka yangu yote, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa ekseli ya nati kama yako, usiache nafasi yoyote ya kucheza. Wale wenye mkono wa kukunja, ninyi acheni nafasi ndogo sana, kwa sababu mkono ukifungwa huibana ekseli kwa urefu wake na kuimaliza hiyo nafasi.

Rudisha gurudumu kwenye fremu, kaza nati za nje, ndipo upime. Shika rimu karibu na breki, sukuma kushoto na kulia. Usisikie kitu. Kisha toa mnyororo kwenye gia, inua baiskeli, uliache gurudumu lenyewe. Likiwa huru, sehemu nzito, mara nyingi penye valvu au kiakisi cha mwanga, itashuka chini yenyewe, ipite, irudi, ipite tena kabla ya kutulia.

BeringiKirinyagaRd

Niongeze neno kwa wale wenye habu za beringi za kufungwa, kwa sababu PedaliSouthB alizitaja. Nazo hutengenezeka nyumbani, na vipuri vyake ni rahisi kupata kuliko koni. Futa vumbi kwenye beringi, utaona namba imechapwa pembeni: 6000, 6001, 6902, inategemea. Namba hiyo ni ya kimataifa. 6001 ni milimita 12 ndani, 28 nje, unene 8, iwe ni ya baiskeli au ya mota ya umeme. Nenda kwa wauza beringi wa kawaida wa magari na mashine, taja namba, sisitiza yenye mipira pande zote mbili, ambayo huandikwa 2RS. Ukiiingiza, isukume kwa duara la nje, kwa kutumia soketi yenye upana uleule. Ukipiga duara la ndani, nguvu inapitia kwenye gololi na beringi mpya inaharibika kabla haijazunguka.

PedaliSouthB

Hapo kwenye kupiga duara la ndani nimepata jibu la jambo lililonisumbua. Asante. Na Mzee, sikujua kama habu ya gololi inafufuka hivi. Nina moja nimeiweka kabatini, wikendi nitaifungua.

MayaiMwiki

Mzee, nimefunga. Koni nilipata duka la tatu, za kwanza mbili ziliyumba kwenye nyuzi kama ulivyosema, nikazirudisha. Kikombe cha kulia nilikisafisha tena, kalamu haisiti tena, ilikuwa grisi kavu. Kukaza kumenichukua jioni nzima lakini sasa rimu haichezi na breki imekaa katikati. Vipuri vyote pamoja na grisi havikufika hata robo ya bei ya gurudumu.

Nina swali moja. Kwa kazi yangu, nifungue tena lini? Na huwa naipeleka ioshwe kwa mashine ya presha pale wanapoosha magari. Inaweza kuwa ndiyo iliyoingiza maji?

MzeeSpoki

Umefanya vizuri sana, mama, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Presha ndiyo ninayoishuku kuliko mvua yenyewe. Kifuniko cha vumbi kwenye habu kinazuia matone na vumbi, hakikuundwa kuzuia maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka pembeni. Osha kwa ndoo, kitambaa na brashi. Ukilazimika kutumia mashine, isielekezwe kamwe kwenye habu, kwenye pedali, wala pale kwenye mhimili wa pedali chini ya fremu.

Kufungua, kwa mzigo wako, fanya mara moja kwa mwaka, baada ya mvua ndefu kuisha. Siku nyingine zote ushike rimu na kuitikisa kila unapopanga mzigo, haichukui muda. Ikianza kucheza hata kidogo, rekebisha siku hiyohiyo. Koni inayocheza hujichimba yenyewe, na vishimo vikishaanza haviponi kwa grisi.

Koni zako kuukuu usizitupe. Ile ya kushoto ina vishimo upande mmoja tu. Ukikwama siku moja bila kipuri, unaweza kuifunga na kugeuza ekseli nusu mzunguko ndani ya fremu ili upande mzima ndio ukae chini. Ni kwa muda mfupi, hadi upate mpya.

BlackMambaRuai

Mzee, samahani kwa kudandia. Mimi nina baiskeli ya Black Mamba, zile nzito za kizamani, ya marehemu babu, bado inabeba maji. Habu ya nyuma inacheza vilevile. Hayo yote yanaihusu, au hizo ni tofauti?

MzeeSpoki

Karibu kijana. Kanuni ni zilezile: vikombe, gololi, koni. Tofauti ni hizi. Kwanza nyuzi. Baiskeli hizo za India zilifuata muundo wa Raleigh, kwa hiyo tarajia ekseli ya 3/8 nyuma na 5/16 mbele, nyuzi 26 kwa inchi zote mbili. Ukiuziwa koni ya milimita 10 usiikubali. Pili, angalia katikati ya habu. Nyingine za zamani zina kitobo chenye kifuniko cha springi kinachozunguka mwili wa habu. Hicho ni cha kutilia mafuta mepesi, matone machache, na habu hizo ziliundwa kuishi kwa mafuta. Ukitia grisi kwa mkono bado ni sawa, lakini kitobo kifunge vizuri, vumbi la Ruai lisiingie.

Tatu, kama vikombe vimeliwa na huna budi kubadilisha habu nzima, hesabu matundu kabla ya kununua. Muundo huo una spoki 32 mbele na 40 nyuma, wakati habu nyingi za madukani ni za 36, na haziingii kwenye rimu yako. Tafuta habu ya matundu 40 yenye sahani (yale maduara mawili ya pembeni yanayoshika spoki) za upana uleule na ya sasa, ndipo utaweza kutumia tena spoki ulizo nazo. Pima sahani kutoka tundu hadi tundu la upande wa pili, uniletee vipimo hapa pamoja na picha, nikuelekeze namna ya kusuka spoki.